Refa, Pesa na Mheshimiwa: Mpira wa Mtaani Likoni, Kisauni na Changamwe Unavyoendeshwa

Mpira wa mtaani ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa una mabishano ya aina tatu yasiyokwisha. Ya kwanza ni ya refa: goli lilikuwa halali au halikuwa. Ya pili ni ya pesa: jezi zitatoka wapi na nauli ya kwenda kucheza ugenini italipwa na nani. Ya tatu ni ya mheshimiwa: kombe hili ni la nani, na linachezwa kwa faida ya nani.

Makala hii inayachukua moja baada ya jingine. Inaeleza kanuni za mchezo zinasema nini, pesa za timu hutoka wapi, na sheria ya nchi imempa nani wajibu gani. Pia inaonyesha kwamba mabishano hayo matatu yana mzizi mmoja. Refa anayelipwa na mmoja wa wanaotaka ushindi hataaminika hata akichezesha kwa haki, na kombe lisilo na kanuni zilizoandikwa hubaki mali ya aliyelinunua.

Sehemu tatu, mpira mmoja

Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge sita na wadi 30. Mvita pekee ndilo lililo kisiwani. Likoni liko kusini, upande wa pili wa kivuko cha feri. Kisauni na Nyali yako kaskazini, baada ya daraja la Nyali. Changamwe na Jomvu yako magharibi, baada ya Makupa. Wachezaji na mashabiki wengi wanaishi ng'ambo hizi, ingawa viwanja vyenye jina, kama ule wa Manispaa na ule wa Mbaraki unaotumiwa na Bandari, viko kisiwani.

Kila upande una shida yake ya uwanja. Likoni imebeba historia ndefu ya mgogoro wa ardhi. Shamba la Waitiki lenye ekari 930 lilikaliwa na maelfu ya familia kwa miaka mingi kabla ya hati kuanza kutolewa mwaka 2016, na mtaa uliokua bila ramani hauachi nafasi ya uwanja wa mpira. Kisauni nako nyumba zimekula maeneo ya wazi, na timu hutegemea viwanja vya shule. Changamwe ni mji wa viwanda, bandari na uwanja wa ndege, na zamani mpira wake ulikuwa karibu na makampuni. Mtambo wa kusafisha mafuta uliokuwa mwajiri mkubwa wa sehemu hiyo uliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Mombasa imewahi kuwa juu katika soka ya Kenya. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa taifa, ligi ikiwa changa kabisa. Bandari, timu ya Halmashauri ya Bandari, imeshinda kombe la shirikisho mwaka 2015 na 2019, na mwaka huo wa 2019 ikaingia Kombe la Mashirikisho barani Afrika. Kati ya kilele hicho na uwanja wa vumbi wa Mtongwe au Magogoni kuna ngazi ndefu: ligi kuu, ligi ya pili ya taifa, madaraja ya chini, kisha ligi za kaunti na kaunti ndogo. Nje ya ngazi hiyo yote kuna makombe ya mtaani: ya Ramadhani, ya likizo ya Desemba, ya kumbukumbu ya marehemu fulani, na ya wanasiasa. Mabishano mengi huzuka katika makombe haya, kwa sababu hapa ndipo kanuni huwa chache na watazamaji wengi.

Refa: kanuni zinasema nini

Kanuni za mchezo hutungwa na bodi ya kimataifa iitwayo IFAB na ni zilezile duniani kote, Wembley na Shika Adabu. Yafuatayo ndiyo yanayogombewa zaidi.

Uamuzi wa mwisho. Kuhusu matukio ya mchezo, ikiwemo kama goli limeingia na matokeo ni yapi, neno la refa ni la mwisho. Anaweza kubadilisha uamuzi akigundua amekosea au akishauriwa na msaidizi wake, lakini kabla tu ya mchezo kuanza tena. Mpira ukishapigwa, hata refa mwenyewe hawezi kurudi nyuma. Ndiyo maana kuvamia uwanja dakika tano baadaye hakuna maana yoyote katika kanuni.

Mkono. Si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Ni kosa mchezaji akiugusa kwa makusudi, au akiwa ameutanua mwili wake kwa mkono kwa namna isiyolingana na mwendo wake. Mfungaji ana sheria kali zaidi: mpira ukiingia golini moja kwa moja kutoka mkononi mwake, au akifunga mara tu baada ya kuugusa kwa mkono, goli halihesabiwi hata kama ilikuwa bahati mbaya.

Kuotea. Kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Ni kosa mchezaji akishiriki katika mchezo kutoka mahali hapo. Hakuna kuotea mchezaji akiwa katika nusu yake ya uwanja. Pia hakuna kuotea akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurushwa, wa kona, au wa kuanzia golini.

Goli au si goli. Mpira wote, si nusu yake, lazima uvuke mstari wote kati ya nguzo na chini ya mwamba. Katika viwanja visivyo na nyavu na vyenye mistari ya chokaa iliyofutika, hapa ndipo vita huanzia. Nyavu mbili na ndoo ya chokaa zinaweza kuokoa amani ya mtaa mzima.

Muda. Mwamuzi wa akiba akishaonyesha dakika za nyongeza, refa anaweza kuziongeza lakini hawezi kuzipunguza. Kwetu kuna tatizo jingine, nalo ni jua. Mechi ya dakika 90 ikianza saa kumi kamili na mapumziko yakiwa robo saa, inaisha kama saa kumi na moja na dakika 45. Ikichelewa hadi saa kumi na moja kwa sababu mgeni rasmi hajafika, itaisha saa kumi na mbili na dakika 45, adhana ya Magharibi imeshapita na mpira hauonekani. Kanuni zinaruhusu kupunguza dakika za kila kipindi, lakini makubaliano lazima yafanywe kabla ya mechi kuanza na yawe yanakubalika katika sheria za mashindano. Kupunguza katikati ya mechi, timu moja ikiwa inaongoza, hakuruhusiwi.

Mechi ikivunjika. Mechi iliyokatizwa hurudiwa, isipokuwa sheria za mashindano zikisema vingine. Ikiwa kamati haikuandika lolote, basi ile desturi ya kumpa ushindi aliyekuwa akiongoza haina msingi.

Benchi. Tangu mwaka 2019 kocha na maofisa wa timu wanaweza kuonyeshwa kadi ya manjano au nyekundu kama wachezaji. Kocha anayemfuata refa na kumtukania mama yake hana kinga yoyote.

Nani anamlipa refa?

Mashabiki husema refa "amenunuliwa" kabla ya kuuliza swali rahisi zaidi: alilipwa na nani kwa halali? Katika ngazi za chini, mara nyingi malipo ya waamuzi hutoka mifukoni mwa timu zenyewe. Katika makombe ya mtaani hutoka kwa mdhamini au kwa mwenyeji. Refa anafika, anachezesha, kisha anasubiri bahasha kutoka kwa mtu ambaye timu yake imefungwa dakika kumi zilizopita. Wakati mwingine anaambiwa aje kesho.

Mpango huo ni mbaya hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu. Refa wa Kisauni anayejua kwamba nauli yake ya kurudi nyumbani iko mkononi mwa mwenyeji ana sababu ya kuogopa kutoa penalti dakika ya 88. Na hata akiitoa, wageni watasema alichelewa kuitoa, na wenyeji watasema amelipwa mara mbili. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na refa ni mtu kama watu wengine.

Rushwa ya kweli ipo pia, na Kenya ina mfano unaouma. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi Mkenya alikuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi. Siku chache kabla ya mashindano, filamu ya siri ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ilimwonyesha akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya mfadhili. Hakwenda Urusi. Kwa upande mwingine, Kenya hiyohiyo ina Peter Waweru, mhadhiri wa hisabati wa chuo kikuu ambaye amechezesha katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Wote wawili walianzia kwenye viwanja vya chini kama vyetu. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni tabia ya mtu, naam, lakini pia ni mazoea aliyofundishwa na wale waliomwita mara ya kwanza kuja kupuliza kipenga.

Pesa za timu: njia nne

Njia ya kwanza ni michango. Wachezaji wenyewe, wazee wa mtaa, kina mama wanaouza viazi karai karibu na uwanja, na vijana waliokwenda kufanya kazi Ughaibuni huchangia jezi, njumu na nauli. Pesa hizi ni kidogo lakini ndizo safi kuliko zote, kwa sababu zinatoka kwa wengi na hakuna mmoja anayeweza kuidai timu.

Njia ya pili ni kampuni au shirika. Bandari ndiyo mfano mkubwa. Timu iliyo chini ya shirika la umma hupata uwanja, mishahara na usafiri, lakini uhai wake uko mikononi mwa bodi. Bandari yenyewe iliwahi kuvunjwa katika miaka ya 1990 kabla ya kufufuliwa. Timu za makampuni madogo za Changamwe zilikuwa zikiishi na kufa na makampuni yao.

Njia ya tatu ni kampuni za kamari. Mwanzoni mwa mwaka 2018 SportPesa ilisimamisha udhamini wake wa michezo nchini baada ya kodi ya kamari kupandishwa hadi asilimia 35, na klabu kubwa zikabaki zikihangaika. Pwani kuna swali jingine kabla ya hilo la kodi: wazazi na wachezaji wengi ni Waislamu, na kamari ni haramu. Timu inayokubali nembo ya kamari kifuani inapaswa kujua itapoteza nani kabla ya kuhesabu itakachopata.

Njia ya nne ni pesa za umma, na hii ndiyo isiyoeleweka zaidi. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa kazi ya kukuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti imepewa shughuli na vifaa vya michezo, yaani uwanja, vyoo vyake na ukuta wake. Anayedai uwanja Likoni au Kisauni anapaswa kuanzia kaunti na kwa mwakilishi wadi, si kwa mbunge.

Mbunge anaingia kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF. Sheria yake inahesabu michezo kuwa mradi wa maendeleo, lakini kwa masharti mawili: isizidi asilimia 2 ya mgao wa eneobunge, na isiwe zawadi ya pesa taslimu. Kwa kila shilingi milioni 100, asilimia 2 ni milioni 2. Kisauni, yenye wadi saba, ikigawa sawasawa itapata chini kidogo ya shilingi 286,000 kwa wadi kwa mwaka kwa kila milioni 100 hizo. Changamwe na Likoni, zenye wadi tano kila moja, zitapata 400,000. Kwa hivyo mshindi akikabidhiwa pesa mkononi mbele ya kamera, pesa hizo hazipaswi kuwa za hazina hiyo. Jezi na mipira zinaweza kuwa.

Hazina yenyewe iliwahi kutiwa mashakani. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF ya mwaka 2015 inakiuka Katiba, na ikaagiza ikome ifikapo tarehe 30 Juni 2026. Timu iliyojenga bajeti yake yote juu ya mfuko huo imejenga juu ya mchanga.

Mheshimiwa na kombe lake

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 2027. Kila uchaguzi unapokaribia, makombe huongezeka. Kila anayetaka kiti, kuanzia wadi hadi ugavana, anajua kwamba hakuna mahali pengine anapoweza kuwapata vijana mia kadhaa wamekusanyika kwa hiari yao jioni moja. Kombe hupewa jina lake, jezi hubeba picha yake, na fainali hungoja kufika kwake.

Wanaotetea mashindano haya wana hoja nzito. Kwanza, bila hayo, miezi mingine uwanja ungekuwa kimya kabisa. Pili, kijana aliye kwenye mazoezi saa kumi jioni hayuko mahali pabaya saa kumi jioni, na wazazi wa Kisauni na Likoni wanajua maana ya neno hilo. Tatu, wachezaji wameonekana na kuchukuliwa na timu kubwa kupitia makombe haya. Nne, mwanasiasa anayetoa mpira ametoa kitu, na wengine wengi hawatoi hata hicho.

Wanaoyapinga nao wana hoja. Kombe la siasa huja kwa wiki tatu na kuondoka kwa miaka minne. Linaacha jezi za rangi ya chama ambazo timu haiwezi kuvaa katika ligi. Ratiba hufuata shajara ya mgeni rasmi, si ya wachezaji. Na timu ya mtaa wa mheshimiwa ikifika fainali, hakuna refa duniani atakayeonekana mwadilifu siku hiyo. Akitoa penalti kwa wenyeji, amenunuliwa. Akiwanyima, amemkosea heshima aliyeleta kombe.

Hoja hizi mbili hazigongani kama zinavyoonekana. Wa kwanza wanazungumzia pesa, wa pili wanazungumzia mamlaka. Inawezekana kupokea pesa za mtu bila kumpa mamlaka ya kupanga refa, kupanga ratiba na kuamua rufaa. Hilo halitokei lenyewe. Linaandikwa kwenye karatasi kabla ya kombe kuletwa uwanjani.

Siasa zinapoingia kwenye uongozi wa mpira wenyewe, gharama huwa kubwa zaidi. Novemba 2021 waziri wa michezo aliuvunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, akaweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwisho wa Novemba mwaka huo. Harambee Stars ilitolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Madai ya ubadhirifu yalikuwa mazito na yalistahili kuchunguzwa, lakini waliokosa mechi ni wachezaji. Desemba 2024 wajumbe walimchagua Hussein Mohammed kuwa rais mpya wa shirikisho. Chaguzi za matawi ya kaunti ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya wajumbe hao. Shabiki wa Changamwe anayelalamikia Nairobi na asijue nani anaiwakilisha timu yake kwenye tawi la Mombasa amelalamika mahali pasipofaa.

Wenzetu wanafanyaje

Mabishano haya si yetu peke yetu. Nchini Ayalandi kuna michezo ya jadi, kandanda ya Kigaeli na mchezo wa magongo uitwao hurling, inayoendeshwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1884 kiitwacho GAA. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park wenye nafasi zaidi ya 80,000. Kila klabu ni ya kijiji au mtaa, na mashabiki wake hugombana juu ya refa, juu ya ruzuku za serikali na juu ya mwanasiasa anayejisifu kwamba ndiye aliyezileta. Yaani ni Likoni yenye mvua.

Mambo mawili yanawasaidia. Klabu nyingi zina viwanja vyao, vikiwa chini ya wadhamini kwa niaba ya wanachama, kwa hivyo mwanasiasa anaweza kuchangia choo lakini hawezi kuondoka na uwanja. Na katika mashindano makubwa baina ya kaunti, refa hutoka kaunti isiyohusika na mechi. Hilo halijazuia kelele, lakini limepunguza kelele za aina moja: hakuna anayesema refa ni binamu wa kipa.

Uturuki inatoa somo la upande wa pili. Desemba 2023, baada ya mechi ya ligi kuu jijini Ankara, rais wa klabu ya Ankaragücü, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge, aliingia uwanjani na kumpiga ngumi ya uso refa Halil Umut Meler. Shirikisho lilisimamisha ligi zote mara moja. Rais huyo alijiuzulu, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 3 na miezi 7. Huko, kumpiga refa kulihesabiwa kuwa jinai na cheo cha mpigaji hakikumkinga. Huku kwetu mara nyingi kesi kama hiyo huishia kwa wazee kusema "yaishe".

Mfuko wa marefa: hesabu

Njia iliyo rahisi zaidi ya kumtoa refa mikononi mwa timu na mheshimiwa ni mfuko mmoja unaolipwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Tuchukue mfano wa kufikirika. Ligi ya timu 12 ikicheza nyumbani na ugenini ina mechi 132. Kila mechi ikiwa na waamuzi watatu, na kila mmoja akilipwa shilingi 500, mechi moja inagharimu 1,500 na ligi nzima 198,000. Ukigawa kwa timu 12, kila timu inatoa 16,500 kwa msimu mzima. Hizo ni pesa ambazo timu inazitoa hata sasa, ila kidogo kidogo, kwa bahasha, na kwa wasiwasi.

Mdhamini akitaka kusaidia, alipe mfuko huo. Ni mchango usio na picha nzuri, lakini ndio unaofanya kombe lake liheshimiwe. Fainali moja yenye hema, spika na jukwaa inaweza kumeza kiasi kikubwa cha pesa hizo jioni moja.

Mfuko unahitaji masharti manne ili ufanye kazi:

1. Pesa zishikwe na kamati yenye watia saini kutoka angalau timu tatu, na hesabu ibandikwe kila mwezi.
2. Refa alipwe kwa simu kutoka kwenye mfuko, na asiguse pesa ya timu yoyote siku ya mechi, hata ya soda.
3. Waamuzi wabadilishane sehemu. Wa Likoni wachezeshe Changamwe, wa Changamwe waende Kisauni, wa Kisauni wavuke kwenda Likoni. Abiria wa miguu halipi feri, kwa hivyo gharama inayoongezeka ni ya matatu tu.
4. Uteuzi ufanywe na kamati ya waamuzi, si ya mdhamini, na majina yatangazwe asubuhi ya mechi.

Ukionewa, uende wapi?

Katika ligi zilizo chini ya FKF, timu huwasilisha malalamiko kwa kamati ya mashindano kwa maandishi, ndani ya muda na kwa ada iliyotajwa kwenye sheria za ligi. Malalamiko juu ya uamuzi wa refa kuhusu tukio la mchezo hayabadilishi matokeo. Malalamiko juu ya mchezaji asiyesajiliwa, umri wa uongo au mechi iliyovunjika yanaweza kuyabadilisha. Uamuzi wa shirikisho unaweza kupelekwa kwa Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo, iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013.

Katika kombe la mtaani hakuna ngazi hizo. Kamati ya mashindano ndiyo mwanzo na mwisho. Ikiwa mwenyekiti wa kamati ndiye msimamizi wa kampeni ya mdhamini, rufaa yako imeshajibiwa kabla hujaiandika.

Kuhusu pesa za umma, kuna njia ambayo timu chache huitumia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuuliza taasisi ya umma imetumia nini na wapi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Barua moja kwa ofisi ya NG-CDF au idara ya michezo ya kaunti, ikiuliza ni jezi ngapi zilinunuliwa mwaka jana na zilipewa timu zipi, ina uzito kuliko mwaka mzima wa kunung'unika barazani. Anayetaka uwanja utengenezwe ahudhurie vikao vya maoni ya umma vya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Timu inayofika mwezi wa Juni imechelewa.

Timu isiyosajiliwa haina anwani. Kwa kuanzia, inaweza kujiandikisha kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi. Timu yoyote ya mpira ina hao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuingia kombe lolote

Nahodha au meneja akiletewa fomu ya kombe, lenye jina la mheshimiwa au lisilo nalo, aulize haya kabla ya kutia saini:

- Sheria za mashindano zimeandikwa, na tunaweza kupata nakala?
- Nani anateua marefa, wanatoka sehemu gani, na wanalipwa na nani, lini?
- Mechi ikivunjika au giza likiingia, inakuwaje?
- Nani wako kwenye kamati ya rufaa, na kuna yeyote kati yao anayefanya kazi kwa mdhamini au kwa timu inayoshiriki?
- Zawadi ni pesa ya mtu binafsi au ya umma, na itatolewa siku gani?
- Mechi itaanza saa iliyopangwa hata mgeni rasmi akichelewa?
- Baada ya fainali, uwanja utabaki na nini: nyavu, mistari, milingoti, au mabango tu?

Anayeyajibu maswali hayo bila kukasirika, mwingilieni kombe lake hata kama hamumpigii kura. Anayekasirika, mwacheni na kombe lake hata kama mnampigia.